Bi Marlyse Hakukosea Chupa

Mama yake Marlyse Huguenin alipenda kusimulia kwamba bintiye alitanguliza miguu siku ya kuzaliwa, na tangu hapo hajawahi kuingia mahali popote kwa adabu. Alilisema hilo harusini, alilisema msibani, alimwambia hata mchungaji. Marlyse hakulipinga. Aliyapinga mengine yote.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia, lakini vidole vyake ungedhani kaazima kwa mtu mwingine, vyembamba na vitulivu, vidole vya ukoo wa mafundi saa. Pale Le Locle, kwetu huku juu kwenye milima ya Jura, kila ngazi uliyopanda zamani ilikufikisha kwa fundi saa, mpaka zilipokuja saa za betri kutoka Japani zikafagia karakana moja baada ya nyingine. Baba yake alirudi nyumbani na kisanduku chake cha vifaa, akakaa dirishani akitazama theluji, na dirishani pale pale ndipo walipomkuta amekufa. Marlyse aliapa kwamba yeye hatakaa dirishani. Mchana aliosha vyombo vya maabara kule Neuchâtel, jioni alisoma kemia, na akiwa na miaka arobaini na mmoja, wenzake wanaozesha mabinti, yeye alivishwa joho la udaktari. Mama yake, Bi Edmée, alikuja kwenye sherehe, akalitazama lile joho mbele na nyuma, akasema, "Limekubana mabegani."

Kazi aliyoipata na kuing'ang'ania ilikuwa ya vihisi. Taasisi yetu iko ndani ya karakana ya saa iliyokufa, na kazi yenyewe ni hivi. Unashika mrija wa kioo, unaupasha moto katikati, unauvuta mpaka ukatike, na ncha inakuwa nyembamba hata jicho haliioni bila hadubini. Ndani ya ncha unaingiza tone la mafuta ya kikemia ambayo yanaruhusu kitu kimoja tu kupita, ioni za potasiamu, na kuzifungia mlango nyingine zote. Kisha unaishusha sindano hiyo kando ya seli hai zilizooteshwa kwenye sahani. Seli yenye afya huiweka potasiamu yake ndani, kama mama mwenye nyumba anavyoweka unga wake. Ikiumizwa, potasiamu inavuja nje, na sindano inasikia. Marlyse alifanya kazi na seli za moyo wa kifaranga kilichotolewa yaini. Zilidunda zenyewe sahanini, bila kuku wala kifua, na kila asubuhi alizisalimia hizo kabla ya kuwasalimia watu.

Mafundi saa walituachia desturi moja, na wanaodhani tumeiacha hawatujui. Zamani saa nzuri haikuondoka mlimani mpaka ilazwe kwenye barafu, ilazwe kwenye joto, igeuzwe chali na kifudifudi, mikononi mwa mtu asiyeitengeneza. Kwenye vihisi desturi hiyo tuliiita kupima utupu. Kabla kihisi hakijaaminiwa mbele ya seli, sharti kipime kwanza sahani isiyo na seli, yenye maji ya lishe peke yake. Kikisema neno mahali ambapo hakuna wa kusema, basi hicho kinadanganya, na kinarudi mezani. Hata mfagizi wa taasisi alilijua hilo.

Mkurugenzi wetu, Fabrice Ducommun, alijifunzia kuvuta kioo mezani kwa Marlyse alipokuwa mwanafunzi, na sindano alizovunja zingejaza ndoo. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye taasisi yenye njaa na wafanyakazi wanaomtazama kila asubuhi kama atasema kuna kesho. Yeye na Yvan Jeanneret, fundi wetu wa chipu, walikuwa wametengeneza chipu, kibao kidogo cha umeme chenye vishimo hamsini. Kila kishimo kilikuwa na kihisi chake cha potasiamu, na kando yake kifuko kidogo cha chumvi ya potasiamu kilichofunikwa kwa utando, maana kihisi hakipimi bila kitu cha kujilinganisha nacho. Marlyse alisikiliza sahani moja kwa siku; chipu ilisikiliza hamsini kwa mpigo. Kampuni moja ya dawa kutoka upande wa nchi yetu unaosema Kijerumani ilitaka kuinunua ili iwe inachuja dawa za moyo. Wageni walikuwa waje Alhamisi.

Wiki moja kabla ya hapo, Marlyse alijaribu dawa ya majaribio ambayo kampuni hiyo ilikuwa imetuletea, kwenye sahani yake ya kawaida, kwa udadisi tu. Akaweka tone. Sindano yake ikanyamaza, seli zikaendelea kudunda kama vile hazikuulizwa kitu. Akaenda mezani kwa Yvan. Kwenye chipu, seli zile zile na dawa ile ile, mstari kwenye skrini ulikuwa umepanda juu kama ngazi ya kanisa.

"Yvan, hii dawa mmeiyeyusha na nini?"

"Spiriti. Kwa maji inagoma." Yvan alikuwa akitafuna mkate wa zabibu.

"Na utupu mliupima na nini?"

"Na maji, bi mkubwa. Kama siku zote."

"Tone la maji matupu?"

Yvan akaacha kutafuna. Akautazama mkate wake kama umemgeuka. "Maji matupu," akasema.

Hakuhitaji kuelezwa. Kama spiriti inalegeza ule utando, basi kifuko cha chumvi kinavuja kila dawa inapoingia, na chipu inaisikia chumvi yake yenyewe na kuitangaza kuwa ni kilio cha seli. Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa njema ingetupwa jalalani kwa kosa ambalo si lake. Na siku moja dawa mbaya iliyoyeyushwa kwa maji, kilio chake kidogo cha kweli kikionekana si kitu kando ya vilio vile vya uongo, ingepita mlangoni inapiga mluzi, ifike kwenye kifua cha mtu.

"Usinitazame hivyo," Yvan akasema. "Nina mapacha nyumbani."

"Sijakutazama wewe. Naitazama chipu."

Huku kwetu jambo zito husemwa wakati wa kahawa, watu wamesimama, ili lisionekane zito. Kwa hiyo saa nne asubuhi Marlyse alikamata kikombe chake na kulisema mbele ya wote.

"Utupu umeshapimwa, Bi Marlyse," Fabrice akajibu.

"Utupu wa maji. Nipe chipu moja niupime wa spiriti. Kabla ya chakula cha mchana nitakuwa nimekujibu."

"Zimebaki nne, na zote ni za wageni."

"Basi wageni watapata tatu. Wakilia, tutawapa jibini."

Watu wakachekea ndani ya vikombe. Fabrice hakucheka. Alimwita ofisini, akafunga mlango, na walipokaa uso kwa uso alikuwa tena yule mwanafunzi aliyevunja sindano, isipokuwa safari hii yeye ndiye mwenye kiti kikubwa.

"Nikuambie tatizo lako?" akasema. "Chipu imekuuma kwa sababu imekupita. Umevuta kioo miaka yote, halafu inakuja kitu kinafanya kazi yako ya mwezi kwa asubuhi moja."

Lilimpata. Marlyse hakupenda kukana kitu cha kweli. "Imeniuma, ndiyo. Na inavuja."

"Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nataka kupima."

"Huna uhakika, lakini unawaambia watu kwenye kahawa." Fabrice akajifuta uso. "Sikiliza. Alhamisi utaendesha onyesho wewe mwenyewe. Yule Bi Rüttimann wao amesoma makala zako, anakuamini kuliko anavyoniamini mimi. Utatia seli, utatia dawa, utatabasamu kama shingo yako ngumu inakuruhusu. Ukifanya hivyo, meza ya kuvutia kioo ni yako mpaka ustaafu. Ukiniaibisha, Jumatatu naifunga, na wewe utashuka stoo kuhesabu glavu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Miguu yangu ilitangulia duniani," Marlyse akasema. "Imezoea."

Aliondoka na kichwa juu. Ile meza ndiyo iliyokuwa maisha yake. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama mwenye ulimi wa wembe na meza moja karibu na dirisha la kaskazini, na sasa meza ilikuwa imewekwa rehani. Na yeye mwenyewe alijua udhaifu wa hoja yake: labda utando unastahimili spiriti. Labda seli kwenye sahani yake ndizo zilizokuwa zimechoka siku ile. Labda ni wivu kweli, umevaa koti la maabara.

Jioni Bi Edmée aliandaa supu ya viazi na soseji. Marlyse alimweleza yote, na bibi akasikiliza huku akikata soseji vipande vilivyolingana, kama alivyokata kila kitu maisha yake yote.

"Na isipovuja?" akauliza.

"Nitakuwa kizee chenye wivu mbele za watu."

"Wivu unao."

"Najua, Mama."

Bibi akamsogezea sahani. "Baba yako aliwahi kuambiwa aseme saa fulani ni nzima, na alijua si nzima. Ilikuwa ya mteja mkubwa."

"Akafanyaje?"

"Akasema ni nzima."

Marlyse aliweka kijiko chini. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia hilo. "Hukuniambia."

"Sasa nimekuambia. Kula, inapoa."

Alhamisi wageni walikuja na makoti yao marefu, wakakung'uta theluji mlangoni. Bi Rüttimann alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, akampa Marlyse mkono akamwambia kwa Kifaransa cha kujitahidi kwamba makala yake kuhusu sindano huwapa wanafunzi wake waisome kama adhabu. Marlyse alimpenda papo hapo, na hilo liliongeza ugumu. Nje, uani, Yvan alikuwa amewasha moto mkubwa wa kuni na kufukia soseji kwenye majivu, kama tunavyomkirimu mgeni tunayemtaka arudi.

Wafanyakazi wote walibanana ukutani. Marlyse alikaa mbele ya chipu. Alikuwa ameiandaa peke yake asubuhi mapema, na hakuna aliyemchunguza, maana nani amchunguze Bi Marlyse? Mezani palikuwa na chupa tatu ndogo: ya maji, ya dawa, na ya chumvi ya kurekebishia vipimo. Vidole vyake havikutikisika.

Alianza na tone la maji. Mstari kwenye skrini ukabaki umelala.

"Hili ni tone la kulinganisha," Fabrice akaeleza. "Seli zimetulia, kama mnavyoona."

Kisha Marlyse akachukua chupa ya dawa, akaweka tone, akarudisha mkono pajani. Mstari haukusogea. Mgeni mmoja akakohoa. Mstari bado. Marlyse akaiona stoo, akaziona glavu katika maboksi yake, akamsikia mama yake akisema wivu unao. Alifikiri: basi nimekosea, na nitalisema pia, mbele yao wote. Ndipo mstari ukainua kichwa. Ulipanda kidogo, ukasita, halafu ukaenda juu moja kwa moja.

"Hapo," Fabrice akasema, na sauti yake ilijaa furaha ya kweli. "Seli zinaitikia. Mabibi na mabwana, huo ni moyo unaotuambia unaumia."

Wageni waliandika. Bi Rüttimann aliinama kwenye skrini, kisha akamgeukia Marlyse. "Ni nzuri sana. Seli hizi zina siku ngapi?"

"Hazina siku," Marlyse akasema.

"Samahani?"

"Hamna seli humo. Ni maji ya lishe peke yake. Seli ziko kabatini, kwenye joto lao, wala hazina habari na sisi." Akamsogezea hadubini. "Tazama mwenyewe, mama. Usiniamini mimi."

Bi Rüttimann alivua miwani, akatazama. Alitazama kishimo cha kwanza, akahamia cha pili, akaenda hivyo bila haraka mpaka chumba kizima kikawa kinasikia kuni zikilia uani. Hapo ndipo Fabrice alipomwinamia Marlyse sikioni. Alinong'ona, lakini Yvan alikuwa karibu na alisikia kila neno.

"Sema umekosea chupa. Sema ulishika chupa ya chumvi ukidhani ni ya dawa. Mtu yeyote anaweza kukosea chupa. Tutarudia na seli, na meza ni yako, nakuapia, mpaka ustaafu. Marlyse, nakuomba."

Haukuwa mtego mbaya. Ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa heshima. Chupa zilifanana kweli, na watu wangecheka, na soseji zingeliwa, na kila mtu angeamka Jumatatu akiwa na kazi. Marlyse aliwatazama wenzake ukutani. Wapo waliokuwa wanamwomba kwa macho aseme vile, na yeye aliwajua kwa majina, aliwajua na watoto wao. Akamwona baba yake, mbele ya mteja mkubwa, akifungua mdomo. Akakasirika. Alimkasirikia baba, alimkasirikia Fabrice, akajikasirikia mwenyewe kwa kuwa alikuwa anafikiria.

"Mkurugenzi ananiomba niseme nimekosea chupa," akasema kwa sauti ya kufika ukutani. "Sikukosea chupa." Akaifungua ile aliyoitumia, akampa Bi Rüttimann. "Nusa."

Bi Rüttimann akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Spiriti."

"Ni dawa yenu, imeyeyushwa kwa spiriti. Ya chumvi haina harufu. Sasa vishimo vingine bado vipo, na spiriti safi ile pale rafuni. Chagua kishimo unachotaka, tia tone kwa mkono wako, bila dawa. Mimi nakaa mbali."

Alisimama kweli, akasogea mpaka dirishani na kufumbata mikono kifuani. Bi Rüttimann alichagua kishimo cha pembeni kabisa. Walingoja. Mstari ulilala, ukainuka, ukapanda, safari hii bila moyo wala dawa, chumvi tupu ikijisikiliza yenyewe.

"Mmelijua hili tangu lini?" Bi Rüttimann akauliza. Hakumuuliza Marlyse.

"Aliniambia wiki iliyopita," Fabrice akasema, na kwa hilo namsifu, kwamba alilisema.

Wageni walishukuru kwa adabu wakaondoka bila kula. Bi Rüttimann alimpa Marlyse mkono kwa mara ya pili, akaubana, lakini hakuahidi kitu, na gari lao likateremka bondeni. Uani soseji ziliungua majivuni. Hakuna aliyekwenda kuzifukua. Watu walipita mbele ya meza ya Marlyse bila kumtazama. Mama mmoja wa ofisi ya mapokezi, ambaye walikuwa wakipeana mbegu za maua kila masika, alimwambia tu, "Unaishi na mama yako, wewe. Sisi wengine tuna wanaotutegemea." Marlyse alimwacha aende.

Fabrice alikuja wa mwisho, akasimama mlangoni kwa Marlyse na tai yake imelegea. Yvan alikuwa ndani tayari, ameegemea kabati, hajui aende wapi.

"Jumatatu meza inafungwa," Fabrice akasema. "Nilisema na nitafanya."

"Leo Alhamisi," Marlyse akasema. Akafungua kabati la joto, akatoa sahani ya seli, akaziangalia kwa hadubini. Zilikuwa zikidunda vizuri. Akazibadilishia maji ya lishe, akazirudisha, kisha akawasha moto wa kuvutia kioo. "Yvan, niletee ile chipu. Nitavuta sindano, tuupime utando wenyewe, tujue unaachia wapi. Kuna namna ya kuuziba, nakataa kwamba haipo."

Yvan akamtazama mkurugenzi. Akamtazama Marlyse. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Mapacha wangu watakula ukweli wako, bi mkubwa?"

"Hawatakula. Lete chipu."

Yvan akasema neno ambalo mchungaji asingelipenda, akaenda kuichukua, akavuta kiti, akakaa. Fabrice bado alikuwa kizingitini.

"Ama ingia, ama funga mlango," Marlyse akamwambia bila kuinua macho kutoka kwenye mrija. "Unaniingizia baridi."

Aliufunga, yeye akiwa nje. Walimsikia akishuka ngazi, polepole, mpaka chini. Marlyse alingoja kioo kiive katikati, akakivuta.